Kiti katika safari ya kwanza ya ndege mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inaposikika kwamba ndege ya aina mpya inakaribia kuanza kubeba abiria, maswali humiminika. Tiketi zinauzwa wapi? Bei gani? Mtu asiye na jina wala cheo anaweza kupata? Anaweza, na wengi wameshapata. Majibu haya yanatokana na safari ambazo zimekwishafanyika.

Safari ya kwanza ni ipi hasa?

Ziko kama nne zinazoitwa hivyo, na ukizichanganya utahangaika bure. Kuna ile ya majaribio, ndege inapoacha ardhi kwa mara ya kwanza ikiwa na marubani na wahandisi tu. Airbus A380 iliruka hivyo mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2005 ikiwa na watu 6 ndani. Kiti cha safari hiyo hakiuzwi. Kuna pia safari ya kuipeleka ndege kwa mwenyewe, ambayo hujaa viongozi, wafanyakazi na waandishi wa habari.

Tunayoizungumzia hapa ni siku ambayo abiria waliokata tiketi wanapanda aina hiyo ya ndege kwa mara ya kwanza duniani. Kwa A380 ilikuwa tarehe 25 Oktoba 2007, miaka miwili na nusu baada ya jaribio lile. Halafu kuna mara ya kwanza kwa shirika fulani, au kwa uwanja fulani. Hizi za mwisho watu huzipuuza, lakini kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ndizo zenye mlango ulio wazi zaidi.

Viti hugawiwa vipi?

Hakuna utaratibu mmoja. Shirika linaloipokea ndege kwanza ndilo linaloamua, na kila moja huamua kwa namna yake.

Mnada ndio uliosikika zaidi. Singapore Airlines waliponunua A380 ya kwanza, waliuza viti vya safari SQ380 kutoka Singapore kwenda Sydney kwa mnada wa mtandaoni kupitia eBay, mwezi Agosti na Septemba 2007, na mapato yote yakaenda kwenye misaada, zikiwemo hospitali za watoto za Sydney na Madaktari Wasio na Mipaka. Julian Hayward, Mwingereza aliyekuwa akiishi Sydney, alilipa dola 100,380 za Marekani kwa vyumba viwili vya faragha sehemu ya mbele. Kiasi hicho ndicho kilichoandikwa magazetini, na ndiyo maana mpaka leo watu wanadhani safari ya kwanza ni ya matajiri. Kinachosahaulika ni kwamba katika ndege hiyohiyo, siku hiyohiyo, kuna aliyepata kiti kwa dola 560. Wote wawili walipanda SQ380, na ndege ilibeba abiria zaidi ya 450.

Bahati nasibu ni njia ya Wajapani. All Nippon Airways ndio waliopokea Boeing 787 Dreamliner ya kwanza, na tarehe 26 Oktoba 2011 wakairusha kutoka Narita, Tokyo, kwenda Hong Kong. Viti vichache vya daraja la biashara vilipigwa mnada, na cha juu kabisa kikafika dola 34,000. Lakini viti 100 vya daraja la kawaida viliuzwa kwa yeni 78,700 kwenda na kurudi, na wenye kuvipata wakachaguliwa kwa kura. Waliojitokeza walikuwa takriban 25,000. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu wa haki kuliko yote: bei inajulikana, inalipika, na fedha haimpi mtu nafasi ya kumpita mwenzake.

Njia ya tatu ndiyo ya kawaida kabisa: unanunua tiketi kama unavyonunua nyingine yoyote. Hii ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi, na ndiyo isiyotangazwa sana.

Kwa hiyo si lazima niwe na fedha nyingi?

Hapana. Boeing 777 ilianza na United tarehe 7 Juni 1995 kutoka London kwenda Washington, ikiwa safari ya ratiba. Airbus A350 ilianza na Qatar Airways tarehe 15 Januari 2015, Doha kwenda Frankfurt. Airbus A320neo ilianza na Lufthansa tarehe 25 Januari 2016, Frankfurt kwenda Munich, safari isiyozidi saa moja angani. Ndege ambayo sasa tunaiita A220 ilianza na Swiss tarehe 15 Julai 2016, Zurich kwenda Paris. Boeing 737 MAX ilianza na Malindo Air tarehe 22 Mei 2017, Kuala Lumpur kwenda Singapore. C919 ya China ilianza na China Eastern tarehe 28 Mei 2023, Shanghai kwenda Beijing.

Tazama hizo njia. Nyingi ni fupi. Shirika linapopata ndege ya aina mpya, marubani na wahudumu wanahitaji kuizoea: kutua mara nyingi, kufungua na kufunga milango mara nyingi, kupakia na kushusha mizigo. Safari ya saa moja inayokwenda na kurudi mara tatu kwa siku inawapa mazoezi hayo haraka kuliko ya saa kumi na mbili. Na safari fupi ni rahisi kulipia. Anayengoja shirika litangaze safari ya mabara mawili mara nyingi hugundua kwamba ndege imeshabeba abiria wiki nzima kwenye njia ya ndani.

Nitajuaje ndege ipi imepangwa kwenye safari fulani kabla ya tangazo?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inataka subira kuliko fedha.

Kila aina ya ndege ina alama fupi ya tarakimu au herufi, tatu kwa jumla, inayowekwa kwenye mifumo ya tiketi. A380 ni 388. A350-900 ni 359, na dada yake mkubwa A350-1000 ni 351. Dreamliner 787-8 ni 788, 787-9 ni 789. A220-300 ni 223. A320neo ni 32N. 737 MAX 8 ni 7M8. Ukitafuta tiketi kwenye tovuti ya shirika au ya wakala, bonyeza maelezo ya safari. Alama hiyo, au jina la ndege, huwa chini ya saa ya kuondoka. Shirika likishaingiza ndege mpya kwenye ratiba, alama hubadilika hata kama hakuna aliyeitangaza.

Ramani ya viti nayo husema mengi. A220 ina viti viwili upande mmoja wa njia na vitatu upande wa pili. Kwenye Boeing 737 na Airbus A320 ni vitatu kwa vitatu. Ukiona safari uliyoizoea kuwa ya vitatu kwa vitatu imegeuka kuwa viwili kwa vitatu, ujue kuna kitu kimebadilika.

Baada ya hapo fuatilia ndege yenyewe. Tovuti za kufuatilia ndege kama Flightradar24 huonyesha namba ya usajili, ile inayoandikwa karibu na mkia: 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9XR kwa Rwanda, 9U kwa Burundi. Ndege ikishaonekana imetoka kwenye miji ya viwanda vya ndege kama Toulouse, Hamburg, Mirabel au Seattle ikielekea nyumbani kwake, kaa macho. Kati ya kuwasili na kubeba abiria panaweza kupita siku chache au wiki kadhaa, kwa kuwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika lazima iikague na kuiingiza kwenye cheti cha shirika.

Nimekata tiketi, kisha ndege ikabadilishwa. Nina haki gani?

Ya kufika unakokwenda. Mkataba wa tiketi ni wa kukutoa mahali na kukufikisha pengine. Aina ya ndege haimo. Shirika likibadilisha ndege dakika ya mwisho halijavunja ahadi yoyote kwako, hata kama ulisafiri bara zima kwa ajili ya ndege hiyo. Lisome hili mara mbili kabla ya kulipa.

Mfano mkubwa ni wa Boeing 747. Pan Am waliipanga iondoke New York kwenda London jioni ya tarehe 21 Januari 1970. Abiria wakapanda, milango ikafungwa, na kabla ya kuruka injini moja ikapata joto kupita kiasi. Ndege ikarudi, watu wakashushwa, wakapewa chakula, wakakaa kungoja usiku ule wa baridi. Pan Am walikuwa na 747 nyingine karibu. Wakaileta, wakahamisha mizigo, na saa saba na dakika 52 usiku wa kuamkia tarehe 22 ikaruka na abiria zaidi ya 330, ikiwa imechelewa kwa saa zaidi ya sita. Wale waliovumilia waliipata safari yao ya kwanza ya 747, ila kwa ndege nyingine kabisa na tarehe nyingine. Mchana ule uwanja wa Heathrow, London, ulipokea ndege kubwa kuliko zote zilizowahi kubeba abiria wa tiketi mpaka siku hiyo.

Basi panga hivi: usiweke mkutano, harusi wala safari ya kuunganisha siku hiyohiyo. Chukua tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata ikizidi bei kidogo. Na kama ndege bado haijakabidhiwa kwa shirika, usilipe kabisa.

Ni salama kupanda ndege siku yake ya kwanza?

Swali hili linastahili jibu la dhati, maana msomaji wa Kenya au Tanzania analiuliza akikumbuka tarehe 10 Machi 2019, pale 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilipoanguka na kuua watu wote 157. Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Kabla ya abiria wa kwanza, ndege hurushwa kwa muda mrefu ikijaribiwa kwenye joto, barafu, upepo wa ubavuni, injini moja ikiwa imezimwa, na breki zikikamatwa kwa nguvu zote. A380 ilijaribiwa pia kwa kuondoa watu: Machi 2006, mjini Hamburg, watu 873 walitoka ndani ya ndege yenye giza kwa sekunde 78, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sheria ilitaka sekunde 90.

Lakini majaribio hayaoni kila kitu, na historia inasema kasoro za ndege mpya hazijitokezi siku ya kwanza. Zinajitokeza baadaye, ndege zikishakuwa nyingi na kazi ikishakuwa ya kila siku. De Havilland Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya injini za jeti, ilianza Mei 1952. Ndege ileile iliyofanya safari hiyo ya kwanza ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, Januari 1954, bati la mwili wake likiwa limechoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa mara nyingi. Dreamliner zilisimamishwa duniani Januari 2013 kwa sababu ya betri, miezi zaidi ya kumi na minne baada ya safari ya Hong Kong. Na 737 MAX ilikuwa imeshabeba abiria kwa mwaka na nusu hivi kabla ya ajali ya kwanza, ile ya Lion Air, Oktoba 2018.

Kwa hiyo mwenye wasiwasi ana sababu, ila wasiwasi huo hauihusu siku ya kwanza peke yake. Mimi ningepanda. Asiyetaka, aheshimiwe.

Mambo ya viza je?

Usidharau hili, ndilo linalowakwamisha watu wetu kuliko bei. Safari nyingi za kwanza huanzia au kuishia Ulaya. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na tarehe ya ndege mpya huweza kusogezwa hata baada ya viza kutoka. Hata ukipanga kushuka na kurudi kwa ndege ileile, huwezi kutegemea kubaki ndani; utashushwa kama wengine.

Ukiwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, safari ya kwanza kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali haitaki viza. Anzia hapo.

Kwani kwetu kumewahi kuwa na safari za namna hii?

Nyingi kuliko watu wanavyojua.

Ile Comet ya tarehe 2 Mei 1952 ilikuwa ikitoka London kwenda Johannesburg. Ilibeba abiria 36, na ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone kabla ya kufika. Maana yake safari ya kwanza kabisa duniani ya abiria kwa ndege ya jeti ilipita Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, na mafuta yakajazwa hapo. Paris na New York zilikuwa bado hazijapata kitu kama hicho. Jambo hili lingestahili kufundishwa shuleni Uganda.

Novemba 2012, ATR 42-600 ya kwanza kukabidhiwa duniani ilikwenda kwa Precision Air ya Tanzania. Ni ndege ndogo ya mapangaboi, haikupigiwa kelele, lakini ilikuwa ya kwanza.

Dreamliner ziliposimamishwa 2013, ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Ethiopian Airlines, tarehe 27 Aprili 2013, na ilitua Nairobi. Kenya Airways wakapokea ya kwao Aprili 2014. Air Tanzania wakapokea ya kwao tarehe 8 Julai 2018, na ikaanza na njia za ndani, Mwanza ikiwemo. Ndege iliyotengenezwa kuvuka bahari ikawa inakwenda Mwanza kwa nauli ya ndani! Desemba mwaka huohuo Air Tanzania wakawa shirika la kwanza Afrika kupata A220. Uganda Airlines nao walianza kwenda Dubai Oktoba 2021 kwa A330-800, aina ambayo mashirika machache sana duniani yanayo.

Ndiyo maana tunasema: usikodolee macho Ulaya ukaisahau Terminali 3 ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

Nichague kiti gani?

Dirishani, bila kusita, na mbele kidogo ya bawa au nyuma yake ili uone linavyopinda wakati wa kuruka. Bawa la Dreamliner hupinda juu sana, na kuliona likifanya hivyo ukiwa ndani ni jambo la kukumbukwa. Dirisha lake halina pazia la kuvuta. Kuna kitufe cha kulitia giza polepole. Kama kazi yako ni kurekodi sauti, kaa mbele ya injini, kuna utulivu zaidi.

Ndani kunakuwaje?

Kama sherehe yenye mikanda. Watu hupiga makofi magurudumu yakiacha ardhi, kisha taa ya mikanda ikizimwa nusu ya ndege husimama. Wapo wahandisi waliostaafu, vijana wenye kamera, wazee waliopewa tiketi na watoto wao. Mara nyingi hutolewa cheti cha kuthibitisha ulikuwepo. Abiria wa SQ380 walikipata. Uwanjani magari ya zimamoto husimama pande mbili na kuimwagia ndege maji kama upinde.

Omba ruhusa kabla ya kumrekodi mhudumu. Siku hiyo yuko kazini kwenye ndege asiyoizoea bado.

Nihifadhi kumbukumbu gani?

Pasi ya kupandia iliyochapishwa kwenye karatasi, si ya kwenye simu. Iombe kaunta. Ukiipiga picha na kuiweka mtandaoni, ficha namba ya tiketi na ile alama ya mistari, kwani mwenye kuisoma anaweza kuingia kwenye safari yako. Kadi ya maelekezo ya usalama iliyo mfukoni mwa kiti ni mali ya ndege na abiria wa safari inayofuata anaihitaji. Iache.

Watoto wanaruhusiwa?

Kwenye safari za ratiba, ndiyo, kama kawaida. Kwenye za mnada au kura, soma masharti.

Ndege ipi mpya inayofuata?

Inayosubiriwa zaidi ni Boeing 777-9, yenye ncha za mabawa zinazokunjwa ili iingie kwenye maegesho ya kawaida. Iliruka kwa majaribio tarehe 25 Januari 2020, na awali ilitarajiwa kuanza kazi mwaka huohuo. Imesogezwa mara kadhaa. Oktoba 2025 Boeing walisema ya kwanza itakabidhiwa 2027. Lufthansa ndio wanaotarajiwa kuanza nayo. Emirates, wanaofika Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, wameagiza zaidi ya 200, kuliko shirika lingine lolote, kwa hiyo msafiri wa kwetu anayepitia Dubai atakutana nayo siku moja. Usikate tiketi sasa. Weka fedha kando, na hakikisha pasipoti yako haitaisha muda katikati ya kungoja.

Nimekosa safari ya kwanza. Ndiyo basi?

Kuna safari ya kurudi. Ndege iliyokwenda lazima irejee, na kiti cha kurudi mara nyingi hakigombaniwi hivyo: wahudumu ni haohao au wenzao wa siku moja, ndege ina harufu ya upya, na mara nyingine viti vya dirishani vimebaki. A320neo ya Lufthansa ilipofika Munich ilikuwa na njia ya kurudi Frankfurt. Angalia namba ya safari inayofuatia ile ya kwanza, angalia saa ya kuondoka, na ununue hiyo kabla watu hawajaifikiria.